Kikao kilifungwa yeye akiwa likizo ya uzazi: barua ya wazi kwa wenye dhamana ya kazi

Kwa Mheshimiwa Waziri mwenye dhamana ya kazi na ajira,
Kwa Kamishna wa Kazi,
Kwa Mkurugenzi wa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA),
Nakala kwa viongozi wa vyama vya wafanyakazi na Chama cha Waajiri Tanzania.

Waheshimiwa, nawasalimu.

Mimi ni mfanyakazi wa kiwandani hapa Dar es Salaam, na mwaka huu natimiza miaka tisa nikiwa mwakilishi wa chama cha wafanyakazi tawini kwetu. Sheria sikuisomea darasani. Nimeijua kwa kuitumia. Nakala yangu ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, imechakaa mpaka kurasa za katikati nimezibana kwa selotepu, na hizo ndizo kurasa zinazohusu kuachishwa kazi. Nawaandikia kwa sababu ya kikao kimoja ambacho mimi mwenyewe nilikuwemo.

Kilifanyika kwenye bwalo la chakula, Jumanne mchana, sahani zikiwa zimeshaondolewa mezani. Ajenda ilikuwa moja tu: kupunguza wafanyakazi. Oda zilikuwa zimeshuka na mashine mpya ya kufungasha ilikuwa imeshafungwa. Uongozi ukasema watu 22 hawana budi kuondoka. Tukabishana saa mbili na nusu. Tuliomba waondoke 15, tukaambulia 19. Tukapitia vigezo, tukapitia malipo, na mwisho karatasi ya mahudhurio ikazungushwa. Mimi, kwa cheo changu cha uwakilishi, nikaandika jina langu juu kabisa na kuweka sahihi.

Hakuna aliyeuliza nani hayupo. Hata mimi sikuuliza.

Mmoja wa wale 19 alikuwa mdogo wetu wa idara ya ufungashaji, mwenye miaka sita kazini. Siku hiyo alikuwa nyumbani Gongo la Mboto na mapacha wa wiki tano. Kwa kuwa alijifungua watoto wawili, sheria inampa siku 100 za likizo yenye malipo badala ya 84. Alikuwa ametumia 35. Alhamisi alipata ujumbe wa simu kutoka ofisi ya utumishi: afike kesho yake saa nne asubuhi, kuna karatasi za kusaini. Alikuja na mtoto mmoja mgongoni na mwingine amebebwa na mama yake mzazi, wamepanda daladala mbili. Bibi akabaki getini kwenye benchi la walinzi na mjukuu mmoja, mama akaingia ndani na mwingine.

Mimi nilimkuta anatoka. Alikuwa na bahasha mkononi, akanifungulia karatasi mbili za Kiingereza na kuniuliza, "Dada, hapa pameandikwaje?" Pameandikwa kwamba yeye na mwajiri wamekubaliana kwa hiari kuachana, kwamba amelipwa stahiki zake zote, na kwamba hatadai chochote baadaye mahali popote. Chini palikuwa na sahihi yake. Wino ulikuwa umesambaa kidogo pembeni, maana alisaini amesimama huku akimtuliza mtoto aliyekuwa analia.

Waheshimiwa, kabla sijasema ninachoomba, nataka nieleweke vizuri. Sipingi kiwanda kupunguza watu pale hali inapokuwa mbaya kweli. Baba yangu alikuwa mtumishi wa shirika la umma miaka ya tisini, akaikuta ile waliyoiita ridandansi mashirika yalipokuwa yanabinafsishwa, na nilikulia kwenye nyumba iliyojua maana yake. Najua pia kwamba kiwanda kinaweza kufungwa kabisa kikilazimishwa kubeba watu kisioweza kuwalipa. Sheria yetu inalitambua hilo: mahitaji ya uendeshaji, yaani sababu za kiuchumi, kiteknolojia au za muundo wa kazi, ni sababu halali ya kumwachisha mtu kazi. Ila sheria hiyohiyo imeweka njia ya kupita, na njia hiyo kwa mwanamke aliye kwenye uzazi ina shimo katikati.

Kifungu cha 38 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza watu, atoe habari zote zinazohusika, kisha ashauriane kabla ya kuamua: kwa nini wapunguzwe, nini kifanyike ili wasipunguzwe au wapungue wachache, watachaguliwaje, wataondoka lini na watalipwa nini. Mahali penye chama kinachotambuliwa, mwajiri anashauriana na chama. Kwa hiyo pale kwetu mwajiri atasema ameshauriana, na karatasi anayo, sahihi yangu iko juu. Neno la yule mdogo wetu nilipaswa kulisema mimi. Sikulisema kwa sababu sikuwa nalo. Sikujua hata kama jina lake limo hadi Jumatano, orodha ilipobandikwa kwenye ubao wa matangazo getini, jirani na mashine ya kubonyezea kidole.

Sasa vigezo. Hapa naomba tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanapodhani hakuna tatizo.

Hakuna mwajiri anayeandika kwenye kumbukumbu za kikao kwamba fulani anaondolewa kwa sababu ana mimba au ana mtoto mchanga. Kifungu cha 37 kinasema waziwazi kwamba sababu inayohusiana na ujauzito haiwezi kuwa sababu ya haki ya kuachisha kazi, na kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi wa ujauzito na wa majukumu ya kifamilia. Hilo maofisa utumishi wanalijua. Kigezo tulichopewa siku ile kilikuwa "mahudhurio na uzalishaji wa miezi mitatu iliyopita". Kinasikika vizuri. Kinasikika hata cha haki kuliko ule utaratibu wa aliyeingia mwisho atoke kwanza. Wengi mle bwaloni walitikisa vichwa kukubali, nami nikiwa mmoja wao.

Baadaye niliomba lile jedwali la uzalishaji nikaliangalia kwa makini. Mwezi wa kwanza kati ya ile mitatu, yule dada alikuwa na mimba kubwa ya mapacha, miguu imevimba, msimamizi akamtoa kwenye mstari na kumweka mezani kubandika lebo. Katoni zake zikashuka. Mwezi wa pili alifanya kazi siku chache akaenda kujifungua. Mwezi wa tatu ni sifuri tupu. Miaka mitano na zaidi ya nyuma, ambayo alikuwa miongoni mwa wanaoongoza kwenye mstari wake, haikuhesabiwa. Ukisoma jedwali lile bila kumjua, utasema huyu ni mvivu.

Kifungu cha 7 hakikatazi ubaguzi wa moja kwa moja peke yake, kinakataza na ule usio wa moja kwa moja. Mimi naamini kigezo kile ni cha aina hii ya pili. Hakikumtaja mwanamke wala uzazi, lakini aliyekuwa kwenye uzazi hakuwa na namna yoyote ya kukishinda. Nimeona pia mahali ambapo zile saa mbili za kunyonyesha kwa siku, ambazo ni haki ya mama kisheria, zinaingia kwenye daftari kama muda wa kutokuwepo kazini. Mama anatumia haki yake, halafu haki hiyo inageuzwa kuwa alama mbaya siku ya kuchagua nani aondoke.

Kisha kuna suala la fedha. Mshahara wake wa msingi ulikuwa shilingi 260,000 kwa mwezi, na alikuwa akifanya kazi siku sita kwa wiki. Kwa jedwali lililoko kwenye sheria, mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 kupata wa wiki, na wa wiki unagawanywa kwa siku anazofanya kazi. Kwake inakuwa siku 26 kwa mwezi, kwa hiyo siku moja ni shilingi 10,000. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku saba kwa kila mwaka uliokamilika, mwisho miaka kumi. Miaka sita, siku 42, shilingi 420,000. Kwenye karatasi aliyosaini ilikuwa shilingi 364,000, kwa sababu aliyepiga hesabu aligawanya kwa 30. Shilingi 56,000 zimepotea kwenye kugawanya tu. Kwa mama wa mapacha hiyo ni maziwa ya kopo, ni nauli za kliniki. Zile siku 65 za likizo zilizokuwa zimebaki hazikutajwa popote, na kadi ya bima ya afya ilifungwa mwisho wa mwezi huohuo, watoto wakiwa hawajatimiza miezi miwili.

Nakubali kwamba 420,000 zenyewe kwa miaka sita ya kusimama si fedha nyingi. Jirani zetu wa Kenya, kwa Sheria yao ya Ajira ya mwaka 2007, wameweka kisichopungua siku 15 kwa kila mwaka, zaidi ya mara mbili ya zetu. Hilo nalo linahitaji mjadala wake. Mimi leo sijaja kuomba viwango vipya. Naomba yaliyokwisha kuandikwa yamfikie mtu aliye nyumbani na mtoto.

Kwa sababu yameandikwa. Kifungu cha 36, pale sheria inapoeleza kuachishwa kazi maana yake nini, kinasema kwamba mwajiri akikataa kumruhusu mfanyakazi arejee kazini baada ya likizo ya uzazi, huko nako ni kumwachisha kazi. Kinasema pia kwamba kama mwajiri amewaachisha watu kwa sababu inayofanana, kisha akawarudisha baadhi na kumwacha mwingine, yule aliyeachwa naye anaweza kudai. Nilipovisoma vipengele hivi mara ya kwanza nilifurahi, nikasema waliotunga sheria hii walimfikiria mwanamke. Na kifungu cha 39 kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba alimwachisha mtu kwa haki, si mfanyakazi kuthibitisha kwamba alionewa.

Wiki tatu baada ya yule dada kuondoka, kwenye kituo chake cha kazi alisimama binti mwingine, ameletwa na wakala wa ajira, mkataba wa miezi mitatu. Kazi ni ileile, na kiti cha plastiki cha bluu alichokuwa akipumzikia ni kilekile. Kama nafasi ilikuwa imefutwa, huyu alikuwa anafanya nini pale?

Nikampigia simu. Nikamwambia aende CMA. Alikuwa hajui kuna kitu kama hicho. Alidhani kesi ni lazima iwe na wakili. Nikamweleza kwamba ni fomu namba moja, kwamba anaanza kwa kusuluhishwa, kwamba halipii. Watoto walikuwa wamelazwa kwa homa, wakatoka, mmoja akarudishwa. Alipofika mapokezi ilikuwa siku ya 58 tangu apewe barua. Aliambiwa ukweli, kwamba mgogoro wa kuachishwa kazi unawasilishwa ndani ya siku 30, na yeye amechelewa. Akaelezwa kwamba anaweza kuomba kuongezewa muda, ila aambatanishe kiapo cha kueleza kwa nini amechelewa. Aliyemhudumia alikuwa mwungwana, hilo alilisema mwenyewe. Lakini aliporudi nyumbani na karatasi zile za maombi na kiapo, hakwenda tena. Aliniambia, "Dada, niache nilee kwanza."

Sikumlaumu. Siku ile ya 58 likizo yake ya uzazi, ile ambayo sheria ilimpa, ilikuwa bado haijaisha. Hebu lifikirieni hilo, waheshimiwa. Serikali inamwambia mama: kaa nyumbani siku 100, usifanye kazi, ulee. Tena ndani ya wiki sita za kwanza baada ya kujifungua hapaswi kurudi kazini mpaka mganga athibitishe kwamba anaweza. Halafu Serikali hiyohiyo inamhesabia siku za kuja kufungua mgogoro kana kwamba yuko mzima na ana nafasi.

Kwa hiyo naomba haya.

Mheshimiwa Waziri, kanuni za utendaji bora za mwaka 2007 ndizo zinazoeleza namna ya kupunguza watu, na kanuni za Tume za mwaka huohuo ndizo zilizoweka zile siku 30. Hizi ni kanuni, hazisubiri Bunge. Ziongezewe kwamba hakuna mashauriano yatakayofungwa kabla kila mfanyakazi aliye likizo ya uzazi hajapewa taarifa ya maandishi na nafasi ya kusema, iwe kwa simu, iwe kwa kumfuata nyumbani, iwe kwa mwakilishi aliyezungumza naye mwenyewe. Ziseme kwamba akipunguzwa, tarehe ya kuondoka isiwe kabla ya likizo yake kuisha, na siku zake zilizobaki alipwe zote. Ziseme kwamba kipindi cha ujauzito na cha likizo hakitahesabiwa kwenye kigezo cha uzalishaji wala cha mahudhurio. Mwajiri aangalie rekodi ya kabla ya hapo. Na zile siku 30 zianze kuhesabiwa siku likizo inapoisha, moja kwa moja, bila kiapo na bila kuomba huruma. Marekebisho ya juzi juzi yaliyomwongezea muda mama aliyejifungua mtoto njiti yameonyesha kwamba mkitaka kumsikiliza mama mnaweza. Tulishukuru sana.

Kamishna wa Kazi, sheria yetu ya sasa haimlazimishi mwajiri kukuletea wewe orodha ya anaokusudia kuwapunguza. Kenya mwajiri anamjulisha afisa kazi walau mwezi mmoja kabla. Naomba nasi tufike hapo, na orodha ioneshe nani ana mimba na nani yuko likizo. Hata kabla sheria haijabadilika, maofisa wako wana mamlaka ya kuingia viwandani na kuuliza. Waje miezi mitatu baada ya watu kupunguzwa, waangalie tu nani amesimama kwenye kituo cha nani.

Kwa Tume, ombi langu ni dogo, ni la lugha na la muda. Mwaka 2021 Bunge lilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya utoaji haki nchini. Haiwezekani mfungashaji wa Gongo la Mboto awe amekubali kwa hiari maneno asiyoyasoma. Mkipokea mkataba wa kuachana uliosainiwa kwa Kiingereza na mtu asiyekijua Kiingereza, siku ileile aliyopewa, msiuchukue kama ushahidi wa makubaliano. Ulizeni kwanza ulisainiwaje.

Kwa wenzangu wa vyama, na hapa najisemea na mimi. Tuna michango ya watu hawa inayokatwa kila mwezi, na haisimami kukatwa mtu akiwa likizo yenye malipo. Tangu siku ile, mimi siketi kwenye kikao cha kupunguza watu bila kuwa na majina ya walioko likizo ya uzazi, wagonjwa na waliosafiri kikazi, na namba zao za simu. Nawapigia usiku wa kabla ya kikao. Mara ya mwisho tulifanya hivyo dada mmoja alisema yuko tayari kuhamia idara nyingine kwa mshahara uleule, nikalipeleka mezani, akabaki. Ilichukua dakika nne za simu. Wangapi tungewaokoa kwa dakika nne, sitaki hata kuhesabu.

Na kwa kuwa barua hii ni ya wazi na huenda ikasomwa na dada aliyepata ujumbe kama ule: nenda, lakini usisaini siku hiyo. Pokea karatasi, sema utazisoma, piga picha kila ukurasa. Mtafute mwakilishi wako. Dai notisi ya siku 28 au malipo yake, kiinua mgongo kama umetimiza mwaka, likizo ya mwaka ambayo hukuchukua, nauli ya kurudi ulikoajiriwa kama ni mbali, na cheti cha utumishi. Ulizia NSSF, yaani mfuko wa hifadhi ya jamii, kuhusu fao la uzazi na la kukosa ajira. Mkataba wako ukiwa wa muda maalumu na umekuwa ukiongezwa kila mwaka, halafu ukaachwa kuongezwa tumbo lilipoanza kuonekana, hilo nalo linaweza kuwa ni kuachishwa kazi, maana sheria inalinda matarajio ya haki ya kuongezewa. Na hesabu zile siku 30 kwenye kalenda ya ukutani tangu siku unapopewa barua, mpaka hapo wakubwa hawa watakapotujibu.

Nayasema haya kwa Tanzania Bara. Ndugu zetu wa Zanzibar wana sheria yao ya ajira ya mwaka 2005 na nisingependa kuwasemea.

Yule mdogo wetu sasa anauza vitafunwa asubuhi karibu na kituo cha daladala. Mapacha wanatembea. Hajaniomba niandike, lakini nilimsomea barua hii yote kabla ya kuituma, akanirekebisha sehemu moja: nilikuwa nimeandika kwamba alisaini bila kuuliza. Alisema hapana, aliuliza, akajibiwa kwamba ni utaratibu tu.

Nasubiri majibu yenu kwa maandishi. Nitayabandika getini, kwenye ubao uleule.

Wenu katika kazi,
Mwakilishi wa wafanyakazi tawini,
Dar es Salaam.